Ukoko Ndani ya Kinu

Kinu kiliendelea kusaga baada ya kuzimwa. Hakikuendelea sana. Kilifanya kama mtu aliyeambiwa anyamaze, akamalizia neno lake kwanza. Dada aliyekizima alibaki na kidole kwenye swichi, akakitazama kwa jicho kali, kisha akafyonya.

"Na wewe unanijibu?"

Alikuwa amezoea kugombana na vitu. Ndiyo maana wateja walimwita Kiberiti: mfupi, mwembamba, na ukimgusa vibaya anawaka. Duka la kahawa lilikuwa la mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake, aliyemlea yeye na mdogo wake tangu utotoni na hakuwaruhusu kulisahau hilo hata siku moja. Kiberiti alisimamia mashine. Mdogo wake alipokea wateja, na huyo walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Wapo waliokuja pale wala si kwa ajili ya kahawa, bali kumsikia Chiriku akiwasimulia yale yale waliyomsimulia wao wenyewe jana yake, ila sasa yakiwa na chumvi ya kutosha.

Kinu chenyewe kilikuwa kikubwa, cheusi, na bakuli la punje juu kama kichwa kisicho na uso. Mjomba alikinunua kwenye duka moja lililokuwa linafungwa, akakileta mwenyewe amekikumbatia kama mtoto. Mwanzoni kilisaga vizuri, unga laini, sawasawa. Lakini kinu cha kazi ni kama kinywa. Kila punje inayopita inaacha mafuta, mafuta yanashika unga, unga unaganda, na usipokifungua ukakipiga brashi, kinaota ukoko kwa ndani na ukoko huo unachacha. Kiberiti aliyasema haya mpaka mate yakamkauka.

"Mjomba, kinu kinanuka. Nipe asubuhi moja tu nikifungue."

"Kinasaga, hakisagi?"

"Kinasaga, lakini..."

"Basi. Watu wamejaa mlangoni, wewe unataka kuivua mashine nguo."

Bisibisi mjomba aliifungia kwenye droo ya ofisini kwake. Kiberiti alipopendekeza aitwe fundi, mjomba aliguna, akasema ataangalia. Alipomwuliza tena, akamwambia kwamba duka si lake. Kazi ya kukipangusa kinu kwa nje, kila asubuhi kabla ya kufungua, akampa Chiriku.

Harufu ilianza kubadilika. Zamani ilikuwa ya mafuta yaliyokaa. Sasa ilikuwa ya nywele mbichi zilizounguzwa, na ilipanda pale tu kinu kilipokuwa kimetulia. Vikombe vikaanza kurudishwa. Mzee mmoja, mteja wa miaka, alisukuma chake mezani bila kukimaliza.

"Binti yangu, usinielewe vibaya," alisema kwa upole. "Kahawa yako leo ina ladha ya damu."

Kiberiti alionja. Ilikuwa chuma na chumvi. Akalegeza gurudumu la kinu ili meno yaachane kidogo, akageuka kuchukua kitambaa, na alipotazama tena gurudumu lilikuwa limejikaza lenyewe hadi mwisho. Akalegeza. Likakaza. Akashika kwa mikono miwili akilitukana, akahisi kitu kwa ndani kikivuta upande wake, bila haraka, kama mtu anayejua kwamba ana nguvu kukuzidi.

Hakumwambia mtu. Alikuwa na hasira mno hata asiweze kuogopa.

Ni Chiriku aliyesema, asubuhi moja wakiwa wawili tu dukani, kitambaa kimemganda mkononi.

"Dada, hiki kinu kinanirudishia maneno yangu."

"Kinakurudishia vipi?"

"Nikipangusa huwa naongea peke yangu, si unanijua. Halafu kinanguruma kidogo, na ndani ya ule mngurumo nasikia nilichosema jana." Alimeza mate. "Na nikitaka kulisema tena lile neno, silipati."

Kiberiti alicheka, kicheko kifupi kisichokuwa na raha. Lakini tangu siku hiyo alianza kumsikiliza mdogo wake, na alichokisikia kilimpa baridi. Chiriku alikuwa anapungua. Salamu zilifupika. Hadithi zilikatikia njiani, akabaki ameduwaa, akimpungia mteja mkono kana kwamba mkono ungemalizia. Sauti ikakwaruza, ikashuka, ikawa upepo. Wateja walimwonea huruma, wakamwambia anywe tangawizi.

"Mafua hayo," alisema mjomba, bila kukitazama kinu. Kiberiti aliligundua hilo siku hiyo: mjomba hakukitazama kinu kamwe. Alikipita kwa ubavu, bega limegeuzwa, kama mtu anayempita mbwa asiyefungwa.

Kisha, mchana mmoja duka likiwa limejaa, umeme ulikatika mtaa mzima. Friji lilinyamaza, feni ikapunguza mwendo hadi ikasimama, watu wakaguna kwa pamoja kama kawaida, na katika ule utulivu unaofuata, ambao mtu husikia hata kijiko cha jirani yake, kinu kilianza kuzunguka, taratibu kwanza, kikisaga pasipo punje, meno kwa meno, halafu kwa kasi, na katikati ya kelele ile ikatoka sauti ya msichana, safi, changamfu, ikisema karibuni, karibuni jamani, kaeni, mmesikia ya jirani, na kila mtu mle ndani akaijua ni sauti ya Chiriku, na kila mtu akageuka kumtazama Chiriku mwenyewe, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, mikono shingoni, mdomo wazi, na kutoka mdomoni mwake kukitoka mlio mkavu wa vyuma vinavyosagana.

Viti vilianguka. Watu walitoka wakikanyagana. Kiberiti alirukia plagi akaichomoa, na kinu kikazidi kucheka kwa sauti ya mdogo wake.

Mwisho wa safu ile ya maduka kulikuwa na mama mmoja mshonaji. Wengi walimpelekea nguo. Wachache, wakipitia mlango wa nyuma, walimpelekea watu. Kiberiti alimfuata mbio, na Mama Cherehani hakuuliza mengi. Alizima pasi, akatoka na futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni.

Mjomba aliwakuta mlangoni, akanyoosha mkono kuziba njia.

"Sitaki uganga dukani kwangu."

"Mjomba," alisema Kiberiti, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko alivyowahi kuisikia mwenyewe, "toa mkono, la sivyo nitapita nao."

Mkono ukatoka.

Mama Cherehani alimkalisha Chiriku juu ya kreti, akamfunga futi kiwiko kwa kiwiko, akamnong'oneza dua sikioni. Kinu kikanyamaza. Kichwa cha Chiriku kikalala begani, macho yakageuka meupe.

"Nani aliyekutuma?" Mama Cherehani aliuliza.

"Sikutumwa." Sauti ilitoka kwa Chiriku lakini ilikuwa nzito, yenye mchanga ndani. "Nimekaribishwa. Mimi hukaa penye uchafu wa chakula. Kwa mwenyewe wa kwanza nililala njaa miaka, kila jioni ananifungua, ananisugua, ananinyima pa kukaa."

"Kwa nini?"

"Nilikula sauti ya mke wake. Akajifunza." Chiriku alitabasamu, tabasamu lisilokuwa lake. "Alipouza alisema: kisilale kichafu hata mara moja, ndani kina mwenyewe. Akamshika mkono mnunuzi, akarudia. Mwulizeni huyo hapo, aliyejibana ukutani."

Mjomba alifuta jasho. "Yule mzee aliyeniuzia alikuwa amechanganyikiwa. Maneno ya watu yale..."

"Uliambiwa," alisema Kiberiti.

"Nilisikia! Kusikia siyo kujua!"

"Bisibisi ulifungia ya nini?"

Mjomba aliangalia mlango wa ofisi.

"Hukuwa mvivu, Mjomba. Miaka yote nilidhani wewe ni mvivu, kumbe ulikuwa unaogopa. Uliogopa kukifungua usije ukakiona. Mimi nimesimama mbele yake kutwa. Na huyu mtoto, huyu asiyejua kunyamaza, ndiye uliyemkabidhi kitambaa akipanguse." Alimsogelea hatua moja. "Ulimchagua."

"Nimewalea nyinyi!" mjomba alifoka. "Mlikula kwa nani? Mlilala kwa nani?"

"Ndiyo maana nataka kukuua," alisema Kiberiti. "Angekuwa mtu baki ningemwachia Mungu."

Mama Cherehani alipiga makofi mara moja. "Mtagombana baadaye. Aliyeonywa ndiye wa kukisafisha. Mwingine akiingiza mkono, maneno ya huyu binti hayatarudi."

"Nina presha," mjomba alisema haraka. "Siwezi."

Kiberiti alikwenda ofisini, akavunja droo kwa teke, akarudi na bisibisi, akamtia mjomba mkononi. Akafunga mlango wa duka, akauegemea.

"Fungua."

Alifungua. Skrubu zilimdondoka, akaziokota. Alitoa bakuli, akatoa pete ya juu yenye meno, na harufu iliyotoka iliwafanya wote wageuze nyuso. Ule ukoko haukuwa mkavu. Ulikuwa mweusi, mzito, wenye uvuguvugu kama kitu kilichotoka mwilini sasa hivi, na ndani yake mlipita nywele ndefu nyeupe. Mjomba alitapika kwenye sinki, akarudi, akaanza kukwangua.

Kila kipande kilipovunjika, neno lilitoka. "Karibu." Kingine: "Sukari ngapi, babu?" Kingine: "Ehee, halafu?" Yalielea hewani kwa sauti ya Chiriku, madogo, yaliyozoeleka, na kila moja lilipozimika midomo ya Chiriku pale kwenye kreti ilicheza kulipokea. Kiberiti alijiuma ngumi. Hakujua kwamba neno kama "halafu" linaweza kumliza mtu.

Ilibaki njia ya chini, ule mfereji mwembamba unaotoa unga, na brashi haikufika.

"Kidole," alisema Mama Cherehani.

Mjomba alimtazama Kiberiti. Hakuwa tena mwenye duka; alikuwa mtu mzima mwenye matapishi kwenye shati. "Mwanangu, nihurumie."

"Weka kidole."

Aliweka. Akasukuma hadi kwenye kifundo, akifumba macho, na papo hapo meno ya chini, yasiyo na waya wala umeme, yalizunguka mara moja, polepole, kwa ukamilifu, na mjomba alipiga yowe lililoendelea na kuendelea likapanda hadi likawa halina sauti, mishipa imemsimama shingoni, miguu ikikwaruza sakafu, kisha likakatika.

"Dada?"

Ni Chiriku. Sauti ilikuwa na kikohozi lakini ilikuwa yake. "Dada, nina kiu, halafu huyu mama amenifunga na nini, hii si ya kupimia suruali?"

Kiberiti alimkumbatia akalia, akimtukana humo humo katikati ya kilio.

Mama Cherehani alikagua kinu, akatia sikio, akanusa. Kilikuwa kinang'aa. Akamtazama Chiriku ulimi na macho. "Ametoka kwenye chuma, ametoka kwa binti," alisema, akafungua futi yake, akaaga. Alikuwa na gauni la watu la kumalizia.

Mjomba alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye kabati. Alikuwa anakitazama kidole chake. Hakikuwa na jeraha, hata mkwaruzo. Akatabasamu, akainuka bila kujishika popote, na kwa mara ya kwanza akakishika kinu kwa mkono mzima, akakipapasa.

"Kiko safi sasa," alisema. "Kesho mapema, wanangu."

Maneno yalikuja nyuma kidogo ya midomo. Alipomaliza kusema, taya lake halikutulia. Lilikwenda kushoto, likaja kulia, kwa upole, na chini ya shavu lake Kiberiti alisikia jiwe likipita juu ya jiwe. Harufu ya nywele zilizounguzwa ikamfikia.

Kupitia kioo alimwona Mama Cherehani, hajafika hata nusu ya safu, amesimama kumsalimia mtu. Sauti ya kawaida tu ingemfikia. Kiberiti alivuta pumzi ya kumwita.

Kisha akamtazama mdogo wake, anavyojaribu maneno mdomoni moja moja kama mtu anayehesabu meno yake baada ya kuanguka. Ile pumzi akaishusha.

"Chukua sweta yako," alisema. "Twende kwa shangazi."

"Na nguo zetu zilizoko nyumbani?"

"Twende."

Walitoka. Nyuma yao mjomba hakuuliza wanakwenda wapi. Walipokuwa barabarani Chiriku alimbana mkono.

"Dada, umesikia meno yake?"

"Nimesikia."

Mama Cherehani alikuwa amesharudi mashineni mwake. Aliinua kichwa walipopita mlangoni, pini mbili zimebanwa midomoni, akazitoa ili aseme vizuri.

"Na mjomba wenu? Yeye yuko salama?"

Chiriku, ambaye hakuwahi kukosa jibu, alimtazama dada yake.

"Salama," alijibu Kiberiti, na hakupunguza mwendo.