Farasi Asiyekula Viazi

Je, umewahi kusimama karibu na farasi, karibu kabisa, hata pumzi yake ikakupasha joto kiganjani? Makandi hakuwahi. Kwao Kibirichia alizoea punda wa kubeba maji na ng'ombe wa babake. Kila asubuhi aliwasha moto, akachemsha chai, akavaa sweta lake la kijani na kwenda shule. Kazi zote alizifanya. Kilichopungua ni sauti. Tangu mamake afariki, msimu wa kupanda viazi mwaka uliopita, Makandi alijibu "ndiyo" na "hapana" tu, na chakula alikigusagusa akakiacha.

Babake, Muthomi, alimpenda sana. Ndiyo maana mara tu baada ya mazishi aliitoa picha ya mama ukutani akaifungia sandukuni, mtoto asije akaitazama na kulia. Hata jina la mama halikutajwa tena pale nyumbani. Ukutani ulibaki msumari mtupu, na kila jioni macho ya Makandi yalikwenda kwenye msumari ule. Kulikuwa na jambo alilotaka kumwambia babake. Lilifika ulimini, likarudi.

Mwalimu wake, Bi. Nelius, aliliona hilo. Akamwomba Muthomi ruhusa, na Jumamosi moja akampeleka Makandi kwa Kiogora, mtunza farasi katika shamba lililo karibu na msitu wa mlima. Watoto wenye huzuni walikaribishwa huko kusaidia kuwatunza farasi.

Makandi hakwenda mikono mitupu. Mgeni wa kwao huenda na kitu! Alibeba kiondo cha viazi. Kiogora alipochungulia ndani, alicheka hadi kofia ikamwanguka.

"Ai! Hata wewe? Nyinyi watu wa Kibirichia mnadhani kila mwenye tumbo anakula waru! Ng'ombe, sawa. Nguruwe, sawa. Lakini farasi, hapana. Kiazi kinaweza kumkwama kooni, na kilichogeuka kijani ni sumu kwake. Hivi vizuri nitajipikia mimi!"

Makandi nusura atabasamu.

Kisha akamwona farasi mwenyewe, jike wa rangi ya kahawia mwenye paji jeupe, jina lake Kirimara. Lo, ukubwa wake! Makandi akakunja ngumi. Papo hapo Kirimara akalaza masikio, akarudi nyuma.

"Hajakukataa," Kiogora alisema taratibu. "Ameona ngumi, amesikia pumzi uliyoibana, akadhani kuna hatari. Usimjie kwa nyuma; njoo upande wa bega. Haya, toa pumzi. Yote."

Makandi akapumua. Mabega yakashuka. Kirimara naye akainamisha kichwa, akapuliza prrr! na kuiweka pua yake laini kiganjani mwa mtoto. Moyo wa Makandi uliruka kama mwanambuzi!

Tangu siku hiyo Jumamosi zikawa sikukuu. Alimpiga Kirimara brashi mpaka manyoya yakang'aa, akamletea maji na nyasi kavu, akajifunza kumwongoza kwa kamba. Siku moja machozi yalimtoka akiwa ameshika brashi. Kirimara hakumwambia "nyamaza." Alisimama tu, akitafuna polepole.

"Mama alikuwa akiniimbia tukichimba viazi," Makandi alimnong'oneza. Ajabu, mbingu haikuanguka! Jioni hiyo alimaliza sahani nzima ya mukimo, babake akabaki kushangaa.

Hatimaye Muthomi akaja kujionea, Bi. Nelius akimsindikiza. Akamkuta binti yake juu ya farasi, kofia ngumu kichwani, uso umechangamka, Kiogora akiongoza kamba. Waliposimama, Makandi akashuka akishika kamba, na Kiogora akaenda kurudisha tandiko bandani. Muthomi, kwa furaha, akatumbukiza mkono katika gunia alilokuja nalo. Akatoa kiazi kikubwa, upande mmoja wa kijani, akakipeleka mdomoni mwa Kirimara.

"Baba, usimpe! Hiyo ni sumu!"

Ndege waliruka mitini. Kiazi kikamponyoka Muthomi. Kirimara alishtuka akarusha kichwa, lakini Makandi alitoa pumzi ndefu, akamwekea mkono shingoni, naye akatulia.

Muthomi akabaki ameachama. "Sauti yako... Nilidhani ilikwenda na..."

"Na mama," Makandi akasema. "Mtaje tu, Baba."

Kiogora, aliyerudi mbio, akalichungulia lile gunia. "Ai! Baba na binti, mkono mmoja!" Hata Muthomi akacheka, huku akijifuta macho.

"Baba Makandi," Bi. Nelius akasema, "Kirimara hana uchawi. Amempa mtoto mahali pa kuhuzunika bila kunyamazishwa. Wewe ni mkulima. Viazi vibichi ukivifungia penye unyevu bila hewa, vinakuwaje?"

"Vinaoza, Mwalimu. Kimoja huozesha vyote."

"Na huzuni ni vivyo hivyo. Mtoto akilia, kaa naye. Akitaka kumtaja aliyeondoka, mtaje pamoja naye."

Muthomi alichuchumaa mbele ya binti yake. "Sikutaka ulie, ndiyo maana nilificha kila kitu. Sasa niambie, Makandi. Wewe unataka nini?"

Makandi aliegemea bega lenye joto la Kirimara. Akavuta pumzi, akaitoa yote.

"Nataka picha ya mama irudi kwenye msumari wake."