Kompyuta Yenye Jina la Baba Mkwe

Nina mtu wangu, akilala huacha sikio moja macho. Umwite jina mara kumi na sita ndipo afumbue jicho. Ni nani? Fikiri taratibu. Ukishindwa nipe mji, nami nikupeleke Mbeya ya miaka ijayo, kwa Tusajigwe.

Kazi ya Tusajigwe ilikuwa kuamsha kompyuta za ofisi. Usiku zililala kuokoa umeme. Kukicha, yeye jikoni kwake, chai mkononi, aliziita moja moja kwa kiamshi, kidude mfano wa kibuyu cha chumvi kilichopeleka sauti yake mtandaoni hadi Kyela na Tunduma, kikilirudia kila jina mara kumi na sita. Vitufe vya kuwashia viliondolewa zamani, maana wezi walivizoea. Sasa mashine iliitika sauti ya mtu wa zamu tu, tena aiite kwa jina lake hasa.

Moja hakuwahi kuiita. Ile ya zahanati ya Matema ilipewa jina la fundi aliyeujenga mtandao wa huko: Ambilikile. Mimi si mkamwana wake, nalitaja. Tusajigwe ndiye mkamwana, na mke wa Kinyakyusa hamtaji baba mkwe jina wala hakutani naye uso kwa uso. Mzee alipohamia kwao, roboti ya kufagia ilifundishwa kulia kri kri kila alipotoka chumbani, ili mkamwana awahi kujificha stoo, na sufuria yake mkononi. Mashine ya Matema huamshwa na mwenzake wa kazi, Lugano, na wiki hiyo Lugano alikuwa mafunzoni, huko juu mwezini.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imekata barabara ya Matema. Droni iliyobeba damu ilisubiri ruhusa ya kompyuta ya zahanati ndipo iruke.

"Dada Tusa," muuguzi Sekela alisema simuni, "kuna mzazi anatokwa damu huku. Mbona yetu bado imelala?"

"Naiamsha."

"Unaiamsha kwa kunyamaza?"

Tusajigwe akaita, "Baba Gwakisa," jina la mumewe likiwa ngao. Mashine haikuamka. Akajaribu jina la mwanawe, "Babu Tumaini." Wapi!

Mama mkwe, aliyekuwa akimenya ndizi, akaguna. "Hata mwenyewe ukimwita hivyo haamki."

"Mama, niulizie. Nikilitaja, nitakuwa nimemvunjia heshima?"

Bibi akaenda kwenye pazia la chumba, akauliza. Ndani kikasikika kikohozi. Kisha roboti ikaanza, kri kri, kri kri. Tusajigwe akakimbilia stoo, kiamshi kifuani, akafunga mlango.

Hatua za fimbo zikakoma nje ya mlango ule. Tangu aolewe, mzee hakuwahi kusema naye.

"Mwanangu," sauti ilisema, "heshima yangu leo iko kwa huyo mzazi. Niite. Na upaze sauti, maana mimi na mashine hiyo usingizi wetu ni mzito."