Gari Halipigiwi Hodi

Bisha. Leo nakupa ruhusa, bisha mpaka mishipa ya shingo ikutoke. Sema huyu kijana shule aliiachia njiani, kwa hiyo lazima atakuwa mwongo. Nimeshawasimulia watu wenye vyeti vya kujaza ukuta mzima. Wakacheka, wakasema nina kipaji... halafu wakaniomba niwasindikize chooni. Na wewe utaniomba. Kaa tu.

Habari yenyewe ni ya kaka yangu. Kazi yake ni kushona viti vya magari, ndiyo maana mkewe alimwita Sponji. Hakuwahi kumwita mume wangu wala mpenzi. Sponji tu, hata mbele ya mama yetu. Mdomo wa shemeji yule haukuwa na breki. Mimi nilikuwa namchokoza makusudi ili anitukane, kwa sababu tusi lake moja ulikuwa unalicheka wiki nzima.

Kisha figo zikamgomea shemeji.

Mashine ya kusafisha damu ilikuwa kwenye hospitali ya mji mwingine, nusu siku kwa basi. Anaingia asubuhi, anatoka jioni miguu inamcheza kama ya mtoto anayejifunza kutembea. Ndugu wa mgonjwa haruhusiwi kulala ndani ya geti, na ile safari ya kurudi nyumbani ilikuwa inammaliza kuliko ugonjwa wenyewe. Ndipo kaka akapata wazo. Anunue kigari cha mizigo, atie kitanda ndani, waegeshe nje ya ukuta wa hospitali, walale. Ila kwa nje lisionekane kabisa kama watu wanalala humo. Walinzi wakijua wanawafukuza. Wahuni wakijua, ndiyo balaa zaidi.

Masharti ya gari aliyatoa shemeji, amejilaza kwenye kochi, uso umevimba, ulimi mzima.

"Nataka gari ambalo likizimika porini unaliwasha kwa spana moja na matusi mawili. Gari la kusomea sitaki."

La kwanza kaka alikwenda kuliona na fundi rafiki yake. Fundi alifungua boneti, akaifunga palepale. "Hili likipiga chafya tu linataka kompyuta. Porini kompyuta utachuma mtini?"

La pili lilikuwa na injini safi, lakini vioo vikubwa vimelizunguka pande zote. Shemeji alipoelezwa alikunja uso. "Yaani tulale kama keki kwenye kabati la duka? Watu wapite, wachague?"

La tatu kaka alikwenda kuliona peke yake, jua linazama.

Lilikuwa nyuma ya nyumba ya mjane mmoja. Jeupe, rangi imechujuka, ubavuni limebonyea. Nyuma halina vioo isipokuwa viwili vidogo vya mlangoni. Ukilitazama unajua hili ni gari la kusambaza mikate, unaendelea na safari yako. Injini iko chini ya kiti cha dereva. Unainua kiti tu, na kila kitu kiko mbele yako, kabureta, plagi, mkanda wa feni, kama sufuria iliyofunuliwa. Vipuri vyake vinauzwa hata na wauza misumari. Akapiga funguo. Likawaka mara moja. Kaka nusura aubusu usukani.

Akachukua tepu ya kupimia, akaingia nyuma, akavuta mlango wa pembeni, akalala chali sakafuni aone kama miguu inatosha. Ilitosha. Pembeni yake palibaki nafasi ya mtu mwembamba. Alitabasamu peke yake mle gizani.

Halafu akanusa spiriti. Ile wanayokupaka mkononi kabla ya sindano.

Nje pakawa kimya...

"Hodi."

Sauti ilikuwa upande wa pili wa bati, usawa wa sikio lake. Sauti ya mtu aliyesimama muda mrefu.

Sasa wewe, mtu akikupigia hodi unafanyaje? Unafikiri kwanza? Mdomo unaitikia wenyewe! Kaka akafungua mdomo, akafika "Ka—", mlango ukavutwa kwa nguvu, na kiganja cha mjane kikamziba.

Walikaa hivyo. Nje ya bati kitu kilipapasa taratibu... kikaenda mpaka nyuma ya gari... kikaacha.

"Nani yule?" kaka alinong'ona.

"Shuka kwanza, baba. Shuka."

Alipokanyaga chini alitazama pande zote. Ua ulikuwa mtupu. Mjane alifunga ule mlango kama mtu anayefunika mtoto.

"Marehemu mume wangu alikuwa anapeleka wagonjwa hospitali na gari hili," alisema. "Wengine hawakurudi nalo. Walibaki huko huko. Bado wanatafuta usafiri wa nyumbani."

"Mama, mimi mambo haya siyaamini."

"Usiamini, nani kakulazimisha? Ila sikiliza. Likiwa gari tu, halina neno. Gari halipigiwi hodi. Lakini ukilala ndani umelifanya nyumba, na nyumba inapigiwa hodi. Ikipigwa, nyamaza."

"Na nikisema karibu?"

"Utapata mgeni."

"Si ataondoka?"

Mjane alimtazama kwa huruma. "Wageni wa namna hiyo hawaagi."

Wewe ungekimbia. Hata mimi ningekimbia, na mtaani kwetu mbwa wakiniona wananipisha. Lakini kaka alikuwa na mke ambaye zamu yake ya mashine ilikuwa imekaribia, na gari jingine la kutengenezeka kwa spana hakuliona. Alilichukua jioni ile ile.

Mikono ya kaka nayo, we acha! Akachonga kitanda cha kukunja. Chini yake akaweka sanduku la nguo, dumu la maji na jiko dogo la gesi. Matundu ya hewa akayatoboa sakafuni, yasionekane. Nyuma ya kiti cha dereva akatundika pazia zito jeusi, na kiti cha mbele akakipakia kreti tupu za mikate. Vumbi la nje akakataza lisioshwe. Shemeji akapanda, akajinyoosha, akafumba macho.

"Sponji, umeshona godoro la mfalme ukaliweka kwenye gari la muuza mikate."

"Shemeji," nikamwambia, "mkihamia humo mimi nitapikiwa na nani?"

"Na hiyo mikono uliyoificha mfukoni kama urithi. Toka mlangoni, unanizibia hewa."

Wakaanza kwenda. Na kila wakilala kule, giza likianza kuingia, spiriti inanukia, na hodi inapigwa. Mara sauti ya mzee. Mara ya mama anayekohoa. Kaka alishamweleza mkewe habari yote, kwa hiyo walikuwa wanashikana mikono chini ya shuka, kimya, mpaka kile kitu kimalize kupapasa bati kiende zake.

Jioni moja ilikuwa sauti ya mtoto.

Shemeji alilia bila sauti, kaka akahisi machozi kwenye bega lake. Kilipoondoka, shemeji akanong'ona, "Mtoto yule, Sponji. Nani atamwitikia?"

"Lala."

"Siku nikija mimi, usije ukaninyamazia hivyo."

"Wewe utapiga hodi? Wewe utapiga teke."

Akacheka. Kucheka kwenyewe kulimchosha, akalala.

Safari ya mwisho aliingia asubuhi kama kawaida. Getini aligeuka akamwambia kaka, "Sponji, hakikisha hujalala upande wangu," akaingia. Kaka alishinda ndani ya gari anashona kifuniko cha mto. Simu ilikuwa imezima, chaji imekwisha. Akasinzia. Alipozinduka taa za hospitali zilikuwa zinawaka moja moja, na pazia lilikuwa limetulia kabisa.

Spiriti.

Nzito. Mpaka macho yakamwasha.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mkewe.

Mkono ulishafika kwenye kitasa. Kisha sauti ikaendelea, laini, pole pole.

"Mume wangu... hodi. Nimechoka kusimama."

Mkono ukasimama hapo hapo. Mume wangu? Tangu wameoana hajawahi kumwita hivyo. Hata siku ya ndoa, mbele ya watu wote, alimnong'oneza "Sponji, suruali imekubana." Tena shemeji yule wa kuomba ruhusa ya kuingia kwenye gari lake mwenyewe?

"Mume wangu. Kuna baridi huku."

Kaka aliuma mto. Hakuitikia. Kile kitu kikapapasa bati, taratibu, kikafika kwenye mlango, kikatulia pale... kama mtu aliyeegemeza paji la uso.

Muda ukapita.

Halafu mlango ukagongwa kweli, ngo ngo ngo, mtu anahema. Alikuwa muuguzi. Mkononi ana mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko kuna gauni na kandambili.

"Tunakutafuta tangu alasiri, simu haipatikani. Mlinzi ndiye kaniambia nijaribu gari la mikate, kumbe siku zote aliwaonea huruma tu." Akashusha macho. "Mke wako alitutoka ile alasiri. Pole."

Alasiri. Na ile hodi ilipigwa taa zinawaka.

Tulimzika. Kaka hakulia msibani, alikaa ameshika zile kandambili kama mtu anayemsubiri mwenyewe atoke kuoga. Baada ya hapo akahamia ndani ya gari, nyuma ya nyumba ya mama. Watu wanasema ni majonzi, yatapita. Fundi rafiki yake alikuja kumpatia mteja, kaka akamjibu kupitia kwenye upenyo wa mlango kwamba gari haliuzwi. Ukimwuliza anasema yule aliyekuja jioni ile hakuwa mkewe, hana wasiwasi, alifanya sawa.

Hapo ndipo huwa naishia. Mbele ya mama naishia hapo, na kwako nilitaka niishie hapo hapo.

Lakini kuna sehemu nimeiacha.

Nilisema kaka hakuitikia. Aliitikia. Mwenyewe aliniambia, siku ambayo nilimpelekea chai akakataa kunifungulia mlango wote. Aliuma mto, hiyo ni kweli. Alijua kabisa si yeye, hiyo nayo ni kweli. "Sauti tu ndiyo ilikuwa yake," aliniambia. "Lakini, mdogo wangu, nilifikiria kwamba ikiondoka ile, sitaisikia tena mpaka nife. Nikautoa mto mdomoni."

Akasema, "Karibu."

Mlango haukufunguka. Ila godoro lilididimia, taratibu, upande wa ukutani. Shuka ikavutika. Na kitu cha baridi kikamshika mkono pale pale walipozoea kushikana. Hakupiga kelele. Alisogea, akakipisha nafasi.

Ndipo muuguzi akagonga, naye kaka akafungua akiwa bado kashikwa ule mkono. Na yule muuguzi, mimi nilikwambia kasema pole. Nilikudanganya.

Alimtazama kaka. Akatazama nyuma ya bega la kaka, kwenye giza la godoro. Akaweka mfuko chini, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Poleni," alisema.

Akaurudisha mlango kwa utulivu, kama mtu anayefunga chumba chenye watu.