Aliyelazwa Kifudifudi

Amandine aliacha kulalia mto. Akawa analala kifudifudi kwenye sakafu tupu, sikio chini, mikono ameitandaza, na mama yake, Consolée, alipomuuliza alisema kuna mtu anasaga.

Consolée hakutilia maanani. Julai ile ya 2003 mabomu yalikuwa yakitoka milimani na kuangukia mtaa wao wa Gihosha, na kila mtoto mtaani alikuwa na kituko chake. Consolée alichimba handaki uani ili wajifiche, na humo akakuta mifupa ya kale mno: mtu amelazwa kifudifudi, mikono imetandazwa, jiwe la kusagia mgongoni. Kabla chuo hakijafungwa alikuwa akifundisha akiolojia huko, kwa hiyo aliyasoma mazishi yale kama alivyozoea kuwaambia wanafunzi: huyu waliogopa asije akarudi. Akaipangusa mifupa, akaitia katika katoni chini ya kitanda, bomu lisije likaiharibu; jiwe akaliacha ukingoni mwa handaki.

Sasa nyumba ilinuka udongo mbichi. Mchana kweupe, chini ya meza ya kulia, jiwe lilisaga juu ya jiwe, taratibu. Amandine alikonda, midomo imejaa vumbi.

Yahaya, mganga wa mtaa wa Buyenzi ambaye watu humwita mwalimu, alikuja akipangusa jasho. "Mi nilizani hata majini imeshakimbia hapa, na hizi mabomu." Akafukiza ubani, akasoma dua mpaka sauti ikamkauka, kisha akaegemea kitanda.

"Mama Amandine, huyu wa katoni hana neno. Iko kimya."

"Sasa ni nani anasaga, mwalimu?"

"Mi nafukuza jini ya kuingia mu mutu. Hii haijaingia." Akapandisha miguu kitandani. "Hii iko chini."

Consolée alikimbilia handakini, akapiga magoti pale alipoitoa mifupa, na kwa mara ya kwanza akautazama udongo wenyewe badala ya mtu, akaona kwamba chini ya palipokuwa kifua palikuwa na duara jeusi, laini, mdomo wa shimo jingine lililoshuka asione mwisho wake, akaelewa kwamba watu wale hawakumwogopa yule hata kidogo, huenda walimpenda, huenda alijitolea mwenyewe, nao wakamwongezea jiwe ili uzito wake utoshe, akakaa pale karne na karne akiwa kifuniko, mpaka alipokuja yeye na brashi yake akamwinua kwa upole.

"Leta katoni! Tumurudishe!"

Yahaya aliileta mbio. Walipoifungua, ndani mifupa ilikuwa imegeuka unga, umesagwa laini kama wa ugali.

Kisha usagaji ukanyamaza. Consolée aligeuka. Amandine alikuwa ameteleza handakini nyuma yake, amelala juu ya duara, mikono ameitandaza.

"Mama, leta ile jiwe," alinong'ona. "Mi ni mwepesi sana."

Consolée alimng'oa pale kwa nguvu zote. Ardhi ikaanza kusaga, uani, ukutani, kwa majirani, watu wakapiga kelele wakidhani ni mabomu.

"Mwalimu, shika mutoto. Mupeleke Buyenzi, asirudi hapa."

"Na weye?"

Consolée alikwishalala juu ya duara, uso udongoni. Kimya kikarudi.

"Jiwe, mwalimu. Weka."

Yahaya aliliweka, akilia. Na chini ya kifua cha Consolée, polepole, kama mgeni asiye na haraka, kitu kikabisha hodi.