Barua Kwenye Kioo Kilichokufa

Tuseme kweli mapema ili tusigombane mbele ya safari: siku ile mjinga alikuwa Elius.

Stendi ya Makambako ilikuwa imechachamaa. Mabasi ya Songea yanaingia, ya Mbeya yanatoka, wauza mahindi ya kuchemsha wanakimbizana na madirisha, na upepo wa Juni, ule usiojua kubisha hodi, unapekua makoti ya watu. Elius, fundi wa simu na kompyuta mwenye kibanda cha mabati pembeni ya stendi, alimwona dada mmoja akishuka kwenye basi la Njombe. Sweta rangi ya maziwa, sketi ndefu ya bluu, kilemba chekundu kimesukumwa upande na upepo, na kifuani amekumbatia mtoto aliyefungwa kitenge gubigubi.

Kwa huruma Elius akampisha benchi lake. "Kaa, mama. Mtoto ana umri gani?"

"Miaka sita."

"Miaka sita na bado unambeba?"

"Hatembei, na tangu jana haoni." Dada akafungua kitenge. Ndani kulikuwa na kompyuta mpakato. "Nimeambiwa hapa kuna fundi anaitwa Elius. Unamfahamu?"

Lenard, muuza kava za simu wa kibanda cha pili, alicheka mpaka akashika nguzo.

"Namfahamu," Elius akasema. "Ndiye huyu mjinga unayeongea naye."

Dada alijitambulisha kuwa Fidelia, mzaliwa wa Mawengi kule Ludewa, mwenye steshenari ndogo karibu na soko la Njombe. Alichapa barua za kila namna, risala za harusi, maombi ya kazi. Jana yake, katikati ya kazi, kioo kikawa cheusi ghafla.

Elius akainamisha sikio. Feni ilikuwa ikivuma. Akabonyeza kitufe cha herufi kubwa; taa yake ikawaka, ikazima. "Mzima huyu, anapumua. Kilichokufa ni kioo." Akapeleka kidole kwenye kitufe cha kuzimia.

Fidelia akamdaka mkono. "Usimzime! Kuna kazi sijahifadhi."

Vidole vyake vilikuwa vya baridi kama maji ya bomba la Njombe alfajiri, na alisahau kuviondoa. Elius naye hakumkumbusha.

"Siku nne," alisema. "Nitafute waya wa kioo. Nitakuwa namlisha umeme muda wote, sitamzima."

Jioni ile simu ikalia. Alikuwa Fidelia, na salamu ya kwao.

"Kamwene, daktari."

"Kamwene. Mgonjwa amekula umeme, amelala."

"Na daktari amekula?"

Swali hilo Elius hakuwa ameulizwa tangu lini? Chumba chake kilikuwa na sahani moja, kijiko kimoja na kikombe kimoja, na hakuna kilichowahi kulalamika kwamba kinabanwa.

"Nimekula."

"Nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Na... ugali."

Fidelia alicheka, na kicheko kile kikabaki chumbani baada ya simu kukatwa. Jioni ya pili walizungumza mpaka salio likaisha. Ya tatu, Fidelia alisema akija kuchukua mashine atakuja na parachichi na maharage ya kwao, "daktari wangu asije akafa kabla ya mgonjwa."

Siku tatu ni chache, utasema. Lakini mtu aliyeshinda njaa hangoji kuuliza pilau ilipikwa na nani. Miaka miwili nyuma Elius alituma mshenga kwa familia moja, ikarudi barua ya heshima nyingi iliyosema hapana. Aliisoma mara moja tu, lakini aliijua yote kwa moyo. Tangu siku hiyo mizaha ilikuwa ya wateja; nyumbani alikwenda na ukimya.

Siku ya nne alipata waya kutoka kwenye mashine chakavu. Ili aubadilishe ilibidi azime, na kabla ya kuzima ilibidi ahifadhi kazi ya Fidelia. Alasiri ile akafunga dirisha la kibanda, kukawa giza, akawasha tochi ya simu na kuilaza upande. Taa ya kioo ikifa maandishi hayafi. Yamo humohumo, membamba, yanasubiri kumulikwa.

Duara la tochi halikuzidi upana wa chapati. Ndani yake kukatokea mistari minne:

*Sisi wazazi wa Fidelia, wa Mawengi, tumekaa kikao cha ukoo, na kwa moyo mmoja tumeridhia posa mliyoileta kwa binti yetu...*

Hakusogeza tochi. Barua za namna hiyo alizijua. Mistari ya kwanza ikishakupiga, ya nini kungoja mingine? Akahifadhi kazi, akazima tochi, akakaa gizani huku upepo ukigonga mabati kama mtu anayedai kufunguliwa.

Kesho yake mashine iliyopona ilisafiri kwenda Njombe mikononi mwa kondakta.

"Kaka Elius," Fidelia alipiga simu, "mbona umenitumia mashine kama kiroba cha viazi? Nilisema nakuja mwenyewe."

"Nisingependa kukusumbua, dada. Una mambo mengi."

"Mambo gani?"

"Unayajua."

"Parachichi zako nishazinunua, Elius."

"Zileni tu huko nyumbani."

Alipiga tena mara mbili. Elius akatazama jina likiwaka mpaka likazima lenyewe. Mara ya tatu haikuja. Julai ikaleta ukungu, Agosti ikaleta vumbi, na Elius akaendelea kufufua mashine za watu. Jioni, akila amesimama, alijikuta akijibu swali ambalo hakuna aliyeuliza: "Ugali. Na ugali."

Novemba, Lenard akapata mchumba, Stella, binti wa Mlangali. Jibu la posa lilipofika, Lenard alimwita rafiki yake aje kusikiliza. Sebuleni baba mkubwa Methusela, amevaa koti la kanisani, akasoma kwa sauti:

"*Sisi wazazi wa Stella, wa Mlangali, tumekaa kikao cha ukoo, na kwa moyo mmoja tumeridhia...*"

Elius akaacha kutafuna.

"*...na tunaomba mumtunze binti yetu Fidelia...*" Mzee akavua miwani. "Fidelia? Huyu naye ni nani? Tumeposa mmoja, tumepewa wawili? Lenard, hayo mablanketi ya mama mkwe tununue mangapi?"

Nyumba ikalipuka kwa vicheko. Elius peke yake hakucheka. "Barua hii imechapwa wapi?"

"Kaka yake Stella aliichapisha Njombe," Lenard akasema. "Kwa dada mmoja, karibu na soko. Vipi, mbona umepauka?"

Asubuhi Elius alikuwa Njombe, barua mfukoni, mvua za kwanza zikimlowesha mabega. Fidelia alikuwa mbele ya mashine yake, kilemba kilekile chekundu, amekonda kidogo.

"Kamwene, dada Fidelia."

"Unatoa kopi au unachapa?"

"Nimeleta barua yenye kosa." Akaiweka mezani.

Fidelia akasoma, akaziba mdomo. "Mungu wangu! Nimebadilisha juu, chini nikasahau." Akashusha pumzi. "Ni kiolezo changu cha barua za kukubali posa. Nikiacha jina la binti wazi nasahau kulijaza, basi naweka langu, linanishtua machoni." Sauti ikapungua. "Na hata hivyo, hakuna aliyekuja kuliandikisha kwingine."

"Nililiona mwezi wa sita. Kwenye kioo chako."

Fidelia akainua macho. "Ndiyo maana?"

"Ndiyo maana."

"Miezi mitano, Elius! Nilikupigia mpaka nikajionea aibu. Zile parachichi zilioza hapo dirishani nikizitazama."

"Ungekuwa wewe ungefanyaje? Jina lako, kijiji chako, wazazi wako!"

"Na jina la kijana?"

"Sikufika huko."

Fidelia akafungua kiolezo, akamgeuzia kioo. Mstari wa tano: *iliyoletwa na kijana wenu*, kisha nukta tupu, mpaka ukingoni mwa ukurasa.

"Tochi ilikuwa ndogo," Elius akajitetea. "Na mimi nilishawahi kukataliwa kwa barua. Na wewe nawe, mtu gani anajiposesha mwenyewe kila siku kwenye mashine, halafu anampa fundi? Kosa ni la wote wawili." Akanyoosha kidole kwenye kibodi. "Basi nizijaze hizo nukta tuyamalize."

Fidelia akafunga mashine, nusura imbane kidole.

"Kwetu Mawengi nukta hizo hujazwa na mshenga, si na fundi. Kamlete; na utafute anayesoma barua mpaka mwisho."