Mgeni wa Simu ya Tatu

Sebuleni kwao Mbagala simu zilikuwa mbili, ya Tupokigwe na ya mama yake, lakini programu ilihesabu tatu.

Programu hiyo aliiunda yeye na mwenzake Ibtisam. Simu huandikiana zenyewe, bila mtambo wa katikati, bila mtu wa kuchungulia. Tatizo lilikuwa siku ya kwanza: mtu akiifungua anakuta ukurasa mtupu, anaifuta. Tupokigwe akaipa adabu za nyumbani. Simu mpya ipige hodi, na zilizo jirani ziitikie "karibu" zenyewe, mwenye simu hata hajaulizwa. Watu wakaipenda. Ibtisam alinuna.

"Kwetu hodi haiitikiwi mpaka uijue sauti."

"Sista, mtu mpya ukimuuliza maswali anasepa."

Tangu hapo kila adhuhuri nyumba ikawa inanuka udi, ingawa wao hawakuwa watu wa kufukiza. Mama akaacha kula, akawa anakaa pembeni ya kochi kama aliyempisha mtu, na mto wa kando yake ukawa unabonyea taratibu, ukipumua, na kitu kikawa kinatafuna polepole mahali ambapo hapakuwa na mtu wala chakula, huku mama akizidi kukonda. Tupokigwe aliyaona yote. Tangu baba azikwe moyo wake ulikufa ganzi kama mguu uliokaliwa, na hata hofu ilimfikia kwa mbali.

Ibtisam akamleta shangazi yake, Bi Wahiba, mtoa majini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani alomkaribisha mgeni huyu?"

"Simu."

"Simu umeisemea wewe, basi mgeni ni wako. Msindikize mpaka barabarani, urudi bila kugeuka. Akipiga hodi tena, nyamaza. Ukimkaribisha kwa mdomo wako, mie simtoi."

Tupokigwe akaufuta ule mwitikio kwenye programu, kisha akamsindikiza. Harufu ilimfuata hadi Barabara ya Kilwa, ikakatika. Aliporudi, mama aliomba uji. Tupokigwe alimtazama akinywa, akajua kwamba wakati kama huu mtu hufurahi.

"Hodi," ikasema sauti laini mlangoni.

Mama akaweka kikombe chini. "Mwanangu, usiitikie," alinong'ona.

Lakini mdomo wa Tupokigwe ulikuwa umeshasema karibu, kwa upole, mwenyewe hata hajaulizwa.