Rinda la Kuvaa Mwenyewe

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kufungua kibanda chake cha ushonaji sokoni Shianda, Jael alipitia kwanza kwa mama mkwe wake.

Hakuhitaji kubisha. Mlango ulikuwa wazi. Tangu Mama Nasambu ateleze kwenye njia ya kisima na kuvunjika bega, mlango wake haukufungwa kwa komeo. Ungefungwaje, na yeye alimngoja mtu wa kumvisha?

"Mulembe, Mama," Jael alisema.

"Mulembe, mwanangu. Umekuja kumvisha maiti?"

"Mama! Usiseme hivyo."

"Niseme nini? Mtu mzima anayevishwa na wengine ni maiti. Nimewavisha wengi hapa kijijini. Kazi hiyo naijua."

Plasta ilikuwa imekwisha kutolewa. Mfupa ulikuwa umeunga. Lakini mkono wa kulia ulikataa kupanda juu ya kifua. Na marinda yote ya Mama Nasambu yalikuwa ya kitambaa kigumu, yenye mikono ya kubana na zipu mgongoni. Kumvisha lilikuwa jambo la kuvuta, kusukuma na kuuma midomo. Mwishowe mama akayaacha marinda. Akawa anafungwa leso na kutupiwa sweta kuukuu la mwanawe Andati, la vifungo.

Sweta hilo halikumpeleka mbali. Alikataa kutoka nje ya boma akiwa amevaa hivyo. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaongoza akina mama kuimba kanisani. Sasa Jumapili alikaa jikoni akichambua maharagwe, huku nyimbo zikimfikia kwa mbali kupitia mashamba ya miwa.

Jumapili ya Shukrani ilipokaribia, wenzake walituma ujumbe. Je, ataongoza?

"Waambieni wachague mwingine," alijibu.

Aliendelea kuchambua maharagwe. Lakini Jael aliona kwamba maharagwe mazuri yalikuwa yanatupwa pamoja na mabovu.

Jioni hiyo, binti yao Ayuma alipokwisha lala, Jael alimweleza mumewe. Andati akasema, "Mama akiuacha wimbo, atakuwa ameacha mengine mengi. Wewe ni fundi, Mama Ayuma. Hakuna rinda ambalo mtu anaweza kuvaa bila kuinua mkono?"

Basi Jael akaikumbuka bahasha ya Quinter.

Quinter, dada yake Andati, alifanya kazi mjini Kakamega. Siku moja alikuwa amemletea Jael bahasha yenye paterni, yaani vipande vya karatasi vilivyochorwa tayari ili fundi akate nguo kwa kuvifuata. Juu ya bahasha palikuwa na picha ya mwanamke aliyevaa rinda pana, la shingo kubwa, lisilo na zipu wala kifungo. Chini ya picha iliandikwa kwamba rinda hilo ni la kitambaa kinachovutika, kama kile cha fulana.

Jael hakuwahi kuitumia. Yeye alishona yunifomu za shule, na watoto wengi wa Shianda walivaa kazi ya mikono yake. "Paterni ni ya wanafunzi," alipenda kusema. "Mimi paterni yangu iko kichwani."

Lakini sasa aliifungua. Ndani mlikuwa pia na karatasi ya maelezo, yenye herufi ndogo ndogo kama sisimizi. Aliitazama picha moja, akaikunja karatasi na kuirudisha ndani.

Akanunua kitambaa laini cha rangi ya zambarau. Akakitandaza mezani, akavipanga vipande vya paterni. Kila kipande kilichorwa mshale mrefu. Mishale yote ilitaka kufuata ukingo wa kitambaa. Jael akaona kwamba akiifuata, hatabakiza kitu.

Sasa, mshonaji wa yunifomu ana desturi yake. Hupanga vipande kwa ujanja. Hiki akilaze, kile akisimamishe, kingine akigeuze kichwa chini, ili abaki na kitambaa cha kutosha kaptura moja zaidi. Hiyo ndiyo sifa ya fundi. Basi Jael akavilaza vipande vyote ubavu. Vikaenea vizuri sana, na akabaki na kipande cha kumshonea bintiye Ayuma blauzi. Alijipongeza. Akatia uzi wake wa kila siku, sindano yake ya kila siku, akashona kwa kasi.

"Mama, leo utavaa mwenyewe," alisema akiingia na rinda.

Macho ya Mama Nasambu yalichangamka. "Ondoka basi. Nenda nje."

Jael akasimama nje na Andati. Walisikia mama akihema. Kisha wakasikia sauti, ta-ta-ta, kama mahindi yanayopasuka kwenye moto. Kisha kimya.

"Mama?"

Kimya.

"Mama, umefika wapi?"

"Sijui!" sauti ilitoka kana kwamba inatoka ndani ya gunia. "Kichwa kimepotea!"

Andati alicheka. Jael hakucheka. Alikimbilia ndani. Rinda lilikuwa limemkaba mama kifuani na mabegani, mkono mzima ukiwa umenaswa juu na ule mgonjwa umebanwa chini. Mishono ya kwapani ilikuwa imekatika. Ilibidi Jael achukue mkasi na kumtoa kwa kulikata rinda.

Mama Nasambu aliketi kitandani, akajifunika leso. Machozi yalimlengalenga.

"Usijaribu tena, mwanangu," alisema kwa upole, na upole huo ulimuuma Jael kuliko matusi. "Niletee sweta langu."

Jael hakulala vizuri. Alijua kosa lilikuwa lake, lakini hakujua ni kosa gani. Na ukijua umekosea bila kujua ulipokosea, dawa ni moja tu: kumuuliza anayejua. Asubuhi alipanda boda boda hadi Mumias, kwa Mzee Rashidi Wanzala, anayeshona jezi za timu za mpira.

Mzee Wanzala alikuwa akishona jezi ya kipa. "Karibu, mama. Habari ya Shianda?"

"Njema, mzee. Kwako?"

"Alhamdulillahi. Umeleta timu gani?"

"Nimeleta aibu yangu. Mama mkwe wangu aliumia bega, na rinda nililomshonea lilimkaba," Jael alisema, akaweka mezani rinda lililokatwa, kipande cha kitambaa kilichobaki na bahasha ya paterni.

Mzee Wanzala alilichukua rinda, akalivuta huku na huku. Alianza kutabasamu.

"Wewe unashona yunifomu."

"Umejuaje?"

"Umelaza vipande ubavu. Ulibania kitambaa, sivyo?"

"Yunifomu tunakatanga hivyo," Jael alijitetea.

"Kwa kitambaa cha yunifomu, sawa. Hicho ni kama ubao, hakina neno. Hiki ni tofauti. Shika. Kivute kutoka ukingo hadi ukingo."

Jael akavuta. Kitambaa kilifunguka kama mdomo wa mtoto anayepiga miayo.

"Sasa kivute kwa urefu."

Akavuta. Kilisogea kidogo tu, kikakataa.

"Umeona? Kinavutika zaidi upande mmoja. Haya niambie, fundi. Mtu akishiba obusuma na ingokho, ugali kwa kuku, tumbo huenda wapi? Huenda mbele au huteremka magotini?"

Jael akacheka, mara ya kwanza tangu jana. "Huenda mbele, mzee."

"Basi upande unaovutika uuzunguke mwili. Ndiyo maana ya ule mshale. Mshale ukifuata ukingo wa kitambaa, mvuto unazunguka kifua na mabega. Wewe uliugeuza mshale, ukamfunga mama yako kamba."

Jael aliinamisha kichwa. "Na uzi je? Mbona ulikatika?"

"Kitambaa kikivutika, mshono nao lazima uvutike. Cherehani yako ina zigizaga?"

"Haina. Ni ile nyeusi ya miguu, mshono wa kwenda moja kwa moja."

"Usijali. Tumia uzi wa poliesta, wa pamba hukatika upesi. Uzi usikazwe sana kwenye cherehani. Fupisha mshono kidogo. Na unaposhona, shika kitambaa mbele na nyuma ya sindano, ukivute kidogo tu. Ukikiachia, mshono utabaki na nafasi ya kunyooka. Usivute sana, utapata mawimbi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa."

Alifungua droo, akatoa sindano. "Na hii ncha yake ni butu kidogo. Hupita kati ya nyuzi, haizitoboi. Ile yako kali huacha matundu."

Kisha akaitoa ile karatasi ya maelezo, akamkabidhi. "Soma."

"Herufi ni ndogo, mzee. Na ni Kiingereza."

"Soma polepole. Neno linalokushinda, tutalishika pamoja. Aliyeandika hapa alikwisha kosea makosa yako yote, akayaandika ili wewe usiyarudie."

Wakasoma. Jael aligundua kwamba hata nyuma ya bahasha palikuwa na mstari wa kupimia. Unakikunja kitambaa, unakishika mwanzo wa mstari, unakivuta. Kikifika mwisho bila taabu, kinafaa. Palikuwa pia na jedwali la vipimo. Ilimpasa ampime mama kifua na nyonga kwa tepu, kisha achague saizi kwenye jedwali hilo.

"Nami niongeze nafasi kidogo?" Jael aliuliza. "Yunifomu huwa naongeza."

"Kwani mama mkwe wako bado anarefuka?" Mzee Wanzala aliuliza. "Nafasi imo tayari kwenye paterni. Ukiongeza, shingo itamwanguka mabegani. Na ukishanunua kitambaa, kifue na kukianika kabla ya kukata. Kama kitaruka na kuwa kifupi, kirukie kwenye kamba, si mwilini mwa mtu."

Jael alikuwa ameshafika mlangoni Mzee Wanzala alipomwita tena. "Mama anaanza na mkono gani akivaa?"

"Ule mzima. Ndio unaoweza."

"Hapana. Wachezaji wangu wakiumia bega nawaambia hivi: mkono mgonjwa uingie kwanza, nguo ikiwa bado imelegea. Kisha kichwa. Mkono mzima uingie mwisho, huo unajua kujitafutia njia. Wakati wa kuvua, mkono mzima utoke kwanza."

Jael alinunua kitambaa kingine cha rangi ileile. Akakifua, akakianika. Alimpima mama, ingawa mama alinung'unika. Safari hii mishale ilifuata ukingo wa kitambaa, kila mmoja. Kitambaa kipya hakikutosha mikono ya rinda, basi akakifua kile kipande alichokuwa amekibania, akaikata humo.

"Blauzi yangu je?" Ayuma aliuliza.

"Blauzi yako itangoja. Kukhu, bibi yako, amengoja zaidi."

Jumapili ya Shukrani ilifika. Jael alilitandika rinda kitandani, akamweleza mama habari ya mkono mgonjwa kuingia kwanza. Mama Nasambu alilishika, akalivuta. Likavutika. Akalitazama kwa mashaka, kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyewahi kumpiga pembe.

"Mkasi uko wapi?" aliuliza.

"Mfukoni mwangu, Mama."

"Uache hapo hapo. Toka nje."

Jael akasimama uani na mkasi mfukoni. Andati alisimama karibu naye, amevaa koti la Jumapili, na leo hakuthubutu kucheka. Walisikiliza. Hakuna ta-ta-ta. Hakuna kuhema. Kisha wakasikia mlango ukifungwa kutoka ndani, na baada yake mlio mdogo wa chuma.

Tak.

Andati aligeuka. "Nini hicho?"

"Komeo," Jael alisema kwa sauti ya chini. "Mama amejifungia."

Walisubiri. Ndani, sauti ya mama ilianza kuvuma polepole, kama mtu anayetafuta wimbo mahali alipouweka. Kisha ikapanda. Jael aliujua wimbo huo. Ulikuwa wa Shukrani.

Mlango ulipofunguliwa, Mama Nasambu alikuwa amevaa rinda la zambarau, limemkaa vizuri mabegani, na kitambaa cheupe kichwani alichokifunga kwa mkono mmoja na meno.

"Mbona mmesimama kama vigingi?" aliuliza. "Kanisa halitakuja hapa."

Siku hizi, kwenye kibanda cha Jael, kando ya yunifomu, yananing'inia marinda ya kitambaa kinachovutika. Huyanunua akina mama wajawazito, wanaonyonyesha, na wazee wenye viungo vizito. Ukutani amebandika ile karatasi ya maelezo, na kando yake ameandika kwa Kiswahili maneno yote aliyoyasoma kwa shida. Anayekuja kujifunza ushonaji kwake huanzia hapo, kabla ya kushika mkasi.

Na Mama Nasambu? Asubuhi Jael bado hupitia kwake. Lakini siku hizi hubisha mlango, husimama nje, na hungoja aambiwe karibu.